Gari Jipya, Visingizio vya Kale

Mnamo Machi 26, 2012, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba kisima cha Ngamia 1, kilichochimbwa na kampuni ya Tullow Oil katika bonde la Lokichar Kusini, kaunti ya Turkana, kimegusa mafuta. Tangazo hilo liliubadilisha mji wa Lokichar miaka mingi kabla ya pipa la kwanza kusafirishwa. Kampuni za utafutaji na wakandarasi wao zilihitaji magari ya kubeba wafanyakazi, maji, chakula na mitambo, na wenyeji wakashikilia kwamba kama kuna gari la kukodishwa katika ardhi yao, basi liwe lao. Kufikia Oktoba 2013 madai ya ajira na zabuni yalikuwa yamepamba moto hata shughuli zikasimamishwa kwa muda. Watu wakasajili kampuni, wakakopa benki, wakanunua Land Cruiser na malori ya maji. Mji uliozoea kuliona gari kama mali ya serikali, misheni au shirika la misaada ukapata wanunuzi wake wenyewe.

Mnunuzi wa namna hii huondoka dukani na mizigo miwili: gari, na ratiba ya kulipa mkopo. Gari likilala gereji, mkopo haulali. Likiwa limetoka kiwandani na kasoro, kila siku ya matengenezo ni siku ya kodi iliyopotea na riba inayoendelea. Hasara hiyo ni ya nani: mnunuzi, muuzaji au kiwanda?

Sheria imelijibu swali hilo kwa namna tofauti katika karne nne zilizopita. Njia nyepesi ya kufuata safari yake ni kutazama visingizio ambavyo muuzaji amenyang'anywa, kimoja baada ya kingine: uliliona mwenyewe; huna mkataba nami; ulitia sahihi; umekaa nalo mno. Kila kimoja kiliwahi kuwa sheria halali. Kwa mnunuzi wa Turkana vyote hivyo vimedhoofishwa, lakini kimebaki kimoja ambacho hakijaandikwa katika kitabu chochote cha sheria, nacho ni umbali.

Jicho la mnunuzi

Mwaka 1603, mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Chandelor na Lopus. Mfua dhahabu alikuwa amemuuzia mtu jiwe kwa pauni 100 akisema ni bezoar, jiwe litokalo tumboni mwa mnyama ambalo watu wa zama hizo waliamini kuwa linatibu sumu. Halikuwa bezoar. Mahakama ilisema kwamba kutamka tu kuwa ni bezoar hakukuwa ahadi ya kisheria. Mnunuzi alipaswa kudai dhamana waziwazi, na kwa kuwa hakufanya hivyo, hasara ikamwangukia. Hapo ndipo kanuni ya "mnunuzi ajihadhari" ilipopata moja ya mizizi yake mirefu.

Wakati huo huo, Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiuziana kwa kanuni nyingine kabisa. Katika sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa madhehebu ya Shafii, mnunuzi anayegundua aibu iliyokuwamo katika bidhaa kabla ya kukabidhiwa ana hiari ya kuirudisha na kudai fedha zake. Wafanyabiashara wa Pwani walilelewa na kisa cha Mtume aliyetia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna unyevu, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Mzigo wa kufichua ulikuwa wa muuzaji. Leo Mahakama za Kadhi nchini Kenya, chini ya Kifungu cha 170 cha Katiba, zinasikiliza masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi miongoni mwa Waislamu. Biashara haimo tena. Hata hivyo, wazo ambalo bunge la Nairobi lilikuja kuliandika mwaka 2012 halikuwa geni katika ukanda huu.

Kanuni ya Kiingereza nayo ilikuwa na mahali pake. Katika soko la mifugo la Lodwar, mnunuzi humfungua mbuzi kinywa akahesabu meno, akapapasa mbavu, akamtembeza aone kama anachechemea. Ujuzi wake haupungui ule wa muuzaji, pengine unauzidi, na akidanganyika ni vigumu kumlaumu mwingine. Gari jipya lilivunja usawa huo. Nati iliyokazwa vibaya ndani ya gia boksi, au kifaa cha umeme chenye programu mbovu, havionekani kwa jicho hata la fundi stadi. Anayejua ni aliyetengeneza.

Sheria yaja, Turkana yafungwa

Mwaka 1893 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoandikwa na Mackenzie Chalmers. Ilikusanya maamuzi ya mahakama ya karne ya 19 na kuyageuza vifungu. Kuanzia hapo, mtu anayeuza bidhaa kama kazi yake alihesabiwa ameahidi, hata asipotamka neno, kwamba bidhaa inalingana na maelezo yake, ina ubora wa kuuzika, na inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Kisingizio cha "uliliona mwenyewe" kikaanza kufifia.

Kenya ilikuwa bado ikitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyoletwa na wakoloni kupitia Bahari ya Hindi pamoja na rupia na makarani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya ilianza kutumika Oktoba 1, 1931, ikiwa karibu nakala ya ile ya Chalmers, na ingali inatumika hadi leo kama Sura ya 31. Kifungu chake cha 16 ndicho nguzo ya kwanza ya mnunuzi wa gari jipya, awe raia wa kawaida au kampuni ya kukodisha magari.

Lakini nguzo hiyo ilijengwa na milango miwili ya kutorokea. Wa kwanza ulihusu bidhaa iliyonunuliwa kwa jina lake la kibiashara: ukiingia dukani ukataja aina fulani kwa jina, muuzaji hakuhesabiwa kuahidi kwamba itafaa kwa kazi yako. Mahakama za Uingereza ziliubana mlango huo mwaka 1925 katika kesi ya Baldry na Marshall. Mnunuzi alikuwa ametaka gari la starehe la kusafiria, muuzaji akampendekezea Bugatti, nayo ikawa haifai kwa hilo. Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mtu aliyeutegemea ushauri wa muuzaji hapotezi haki yake kwa sababu tu gari lina jina maarufu. Mlango wa pili ulikuwa mpana zaidi: sheria iliwaruhusu wahusika kuziondoa ahadi hizo kwa makubaliano. Muuzaji mwenye karatasi iliyochapwa na wakili angeweza kukinyakua kwa mkono wa kushoto kile ambacho sheria ilimpa mnunuzi kwa mkono wa kulia.

Wakati sheria hiyo inatangazwa Nairobi, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Chini ya Sheria ya Wilaya za Pembezoni, kuingia au kutoka kulihitaji kibali, na mwaka 1934 sheria ya wilaya maalumu ikaongeza mamlaka ya maofisa juu ya nyendo za watu. Serikali ya kikoloni iliiona nchi hiyo kuwa mpaka wa kulindwa na mahali pa kuwatupa iliowaogopa: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung kisha akawekwa Lodwar, katika miaka ya 1950 hadi 1961. Gari lililofika huko lilikuwa la ofisa, polisi au misheni. Haki za mnunuzi zilikuwa sehemu ya sheria za nchi, ila hapakuwa na soko wala mnunuzi wa kuzitumia. Sheria hizo za kufungia wilaya zilidumu katika vitabu hadi mageuzi ya 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Haishangazi kwamba mzee wa Lodwar anayepanda basi kwenda Kitale bado husikika akisema anakwenda Kenya.

Kiwanda chavuliwa ngao

Gari lilileta tatizo ambalo Chalmers hakulitazamia. Mnunuzi huingia mkataba na duka, ilhali kasoro imefanywa na kiwanda. Kiwanda kilijibu: huna mkataba nami.

Jibu hilo lilivunjwa New York mwaka 1916. Donald MacPherson alikuwa amenunua gari la Buick kutoka kwa muuzaji wa rejareja. Gurudumu moja lilikuwa na njiti za mbao mbovu. Zilivunjika, gari likapinduka, naye akaumia. Buick ilisema gurudumu lilitengenezwa na kampuni nyingine na gari liliuzwa na mtu mwingine. Jaji Benjamin Cardozo aliamua kwamba anayetengeneza kitu ambacho kikiwa na kasoro ni hatari kwa maisha ana wajibu wa kukikagua, na wajibu huo humfuata hadi kwa mtumiaji. Mwaka 1932 Baraza la Mabwana la Uingereza lilifuata njia hiyo hiyo katika kesi ya Donoghue na Stevenson, iliyohusu chupa ya tangawizi na konokono, na kupitia sheria ya kawaida ya Kiingereza mafundisho hayo yakaingia katika mahakama za Kenya.

Kikafuata kisingizio cha sahihi. Mei 1955, huko New Jersey, Claus Henningsen alimnunulia mkewe gari jipya la Plymouth. Kabla ya majuma mawili kwisha, usukani ulikatika Helen Henningsen akiwa barabarani, gari likagonga ukuta. Nyuma ya fomu ya ununuzi, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno yanayosema wajibu pekee wa kiwanda ni kubadilisha kipuri kibovu ndani ya siku 90 au maili 4,000. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliyatupa maneno hayo. Iliona kwamba watengenezaji wote wakubwa walitumia karatasi ya aina moja, kwa hiyo mnunuzi hakuwa na pa kwenda kujadiliana. Sahihi yake haikuwa ridhaa ya kweli.

Siasa zilifuata mahakama. Machi 15, 1962, Rais John Kennedy alilieleza Bunge la Marekani kwamba mlaji ana haki ya usalama, ya kuelezwa, ya kuchagua na ya kusikilizwa. Ndiyo maana tarehe hiyo leo ni Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu kilichoushambulia usalama wa magari ya Marekani, hasa Chevrolet Corvair. Na mwaka 1982 jimbo la Connecticut likapitisha sheria ya kwanza ya kile Wamarekani wanachokiita gari la ndimu, yaani gari jipya lisilotengenezeka. Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa katika hesabu: gari likirudishwa gereji mara nne kwa kasoro ile ile, au likikosa kutumika kwa jumla ya siku 30, mnunuzi anastahili gari jingine au fedha zake. Mabishano kuhusu "muda wa kutosha wa kutengeneza" yakageuka kuwa kazi ya kuhesabu stakabadhi. Majimbo mengine yote ya Marekani yalifuata.

Uingereza haikuhesabu, iliwaachia majaji, na matokeo yakawa ya kuyumba. Mwaka 1986 mahakama mbili zilikutana na magari mapya mabovu. Katika kesi ya Bernstein, Nissan mpya ilizimika kwenye barabara kuu baada ya maili 140 tu, kwa sababu tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeziba njia ya oili. Jaji alikubali kwamba gari halikuwa na ubora wa kuuzika, lakini akasema wiki tatu zilitosha kumfanya mnunuzi ahesabiwe ameshalipokea. Akabaki na fidia bila haki ya kulirudisha. Hicho ndicho kisingizio cha "umekaa nalo mno" kikiwa katika kilele chake. Kesi ya pili, ya Rogers na Parish, ilikuwa na hekima zaidi. Range Rover mpya ilikuwa na matatizo ya injini, gia boksi na mwili. Muuzaji akajitetea kwamba yote yalitengenezeka chini ya waranti. Mahakama ya Rufaa ilisema mnunuzi wa gari jipya la bei hiyo ana haki ya kutazamia zaidi ya kufikishwa aendako: anatazamia utulivu, kutegemeka, hata fahari ya kulitazama. Nayo waranti, ikasema, ni nyongeza juu ya haki za kisheria. Haiwezi kutumiwa kuzipunguza. Mwaka 2015 Uingereza nayo ilikubali kuhesabu, ikampa mlaji siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro.

Kenya yatengeneza magari, sheria yasimama

Wakati hayo yakitokea ng'ambo, Kenya huru ilikuwa ikijenga viwanda. Katikati ya miaka ya 1970 vilianzishwa viwanda vya kuunganisha magari: Leyland huko Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Sheria ya Ununuzi kwa Awamu ya 1968 ilimkinga kwa kiasi yule aliyelipa polepole, na Shirika la Viwango, KEBS, likaundwa mwaka 1974. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa mwaka 1990, ila hayakuwahi kufika sokoni.

Kisha soko likafunguliwa katika miaka ya 1990, na mitumba ya Japani ikafurika bandarini Mombasa. Tangu hapo magari mengi yanayosajiliwa nchini yameshatumika kwingineko, na mjadala wa ubora ukageukia umri: kiwango cha KEBS kinakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane. Mnunuzi wa gari jipya akabaki mtu wa pembeni: serikali, mashirika, matajiri wachache. Sheria ya 1931 haikuguswa. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kuwalinda walaji mwaka 1985; Kenya ilichukua zaidi ya robo karne kuuitikia.

Turkana, katika miaka hiyo, ilipata barabara kabla ya kupata soko. Wanorwe walisaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale, kupitia Mlango wa Marich, Kainuk na Lokichar hadi Lodwar. Oktoba 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ukavunjika kwa ugomvi wa kisiasa, misaada ikakoma, na lami ikaachiwa jua na mafuriko ya laga, yaani mito ya msimu. Shirika la msaada lililotumia barabara hiyo kufika Lokichoggio, kituo cha misaada ya Sudan Kusini tangu 1989, au Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, lilinunua magari mapya kwa fedha za wafadhili. Yakiharibika lilikuwa na fundi wake, spea zake na bajeti ya mengine. Halikuhitaji mahakama.

Katiba yaingia gereji

Agosti 27, 2010 mambo yaligeuka. Kifungu cha 46 cha Katiba mpya kilimpa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, habari za kumwezesha kunufaika nazo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Ushindani, iliyounda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kuipa kazi ya kushughulikia bidhaa zisizofaa na zenye kasoro.

Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji, Nambari 46 ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 14, 2013, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu mafuta ya Ngamia yatangazwe. Kifungu chake cha 5 kilifunga ule mlango mpana uliokuwa wazi tangu 1931. Muuzaji anahesabiwa ameahidi ubora wa kuuzika, ahadi za Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa zinabaki palepale, na neno lolote katika mkataba linalojaribu kuziondoa ni batili. Kisingizio cha "ulitia sahihi" kikafa. Hata sharti la kupeleka kila mgogoro kwa msuluhishi aliyetajwa katika mkataba haliwezi kumzuia mtumiaji kwenda Mahakama Kuu. Sehemu nzima ya sheria hiyo inahusu matengenezo ya magari: fundi anatakiwa kutoa makadirio ya gharama kabla ya kugusa gari, na haruhusiwi kuyapita kwa zaidi ya asilimia kumi.

Tafsiri ya nani ni mtumiaji nayo ni pana. Inamgusa aliyeuziwa, na inamgusa anayeitumia bidhaa ile hata kama fedha hazikutoka mfukoni mwake. Kwa mtu wa Lokichar aliyenunua Land Cruiser kwa jina la kampuni ili aikodishe, hilo ni jambo la maana, kwa sababu muuzaji huwa mwepesi wa kudai kwamba sheria ya walaji haimhusu mfanyabiashara. Hoja hiyo ikimshinda, bado ana kifungu cha 16 cha sheria ya 1931, kisichobagua mlaji na kampuni.

Lakini Kenya haikufuata Connecticut. Sheria ya 2012 haisemi ni mara ngapi gari jipya linaweza kurudi gereji kabla ya kuhesabiwa bovu, wala ni siku ngapi mnunuzi avumilie. Kila mmoja anaanza ubishi wa Bernstein na Rogers upya, na katika nchi ambako kesi ya madai huweza kuchukua miaka, kuanza upya ni gharama. Majirani hawajafika mbali zaidi: Tanzania ina Sheria ya Ushindani wa Haki ya 2003, na Uganda iliibadilisha sheria yake ya uuzaji wa bidhaa mwaka 2017, lakini hakuna aliyeweka hesabu ya aina ile.

Kisingizio kilichobaki

Turudi Lokichar. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliyaaga malori ya kwanza ya mafuta ghafi kuelekea Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka bandarini. Mwisho wa mwaka huo mvua ziliibomoa barabara, malori yakasimama, na mpango huo wa majaribio haukuendelea tena. Kama barabara inaweza kuushinda mradi wa taifa wenye msafara wa malori, ni rahisi kuona inavyomtendea mtu mwenye gari moja.

Kwanza inampa muuzaji hoja mpya. Gari lililopasuka springi au kuvuja gia boksi likirudishwa, jibu la kwanza litakuwa kwamba limetumiwa vibaya: mzigo mkubwa, njia mbovu, huduma iliyochelewa. Wakati mwingine ni kweli. Ila Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamwokoa mnunuzi aliyezungumza mapema. Akiwa alimweleza muuzaji kwamba gari litafanya kazi kati ya Kainuk na Kakuma, likiwa na shehena ya uzito fulani, naye muuzaji akapendekeza aina hiyo, basi barabara mbovu inakuwa sehemu ya ahadi. Mazungumzo hayo yanafaa yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Kadhalika hasara ya kodi. Mwaka 1854, katika kesi ya Hadley na Baxendale, kinu cha unga huko Gloucester kilisimama kwa sababu wasafirishaji walichelewesha mhimili wake uliovunjika. Mahakama ilisema hasara ya mapato hulipwa ikiwa inatokana moja kwa moja na uvunjaji wa mkataba, au ikiwa pande zote mbili ziliitazamia zilipopatana. Kanuni hiyo bado inatumika Kenya. Mwenye gari la kukodishwa ambaye hakumwambia muuzaji kwamba linakwenda kufanya kazi ya mafuta huenda akalipwa bei ya matengenezo tu, akapoteza miezi ya kodi. Aliyemwonyesha muuzaji mkataba wake wa kukodisha kabla ya kulipa ana dai kubwa zaidi.

Baada ya hapo unakuja umbali wenyewe. Kutoka Lokichar hadi Lodwar ni takribani kilomita 90, na Kakuma iko kilomita 120 hivi mbele ya Lodwar. Gereji nyingi zenye vifaa vya kuusoma mfumo wa umeme wa gari la kisasa ziko Nairobi, Nakuru na Eldoret. Waranti husema kipuri kitabadilishwa bure. Haisemi nani atalipia kulivuta gari mlimani Marich, wala nani atamlaza dereva Eldoret kwa wiki akingoja spea kutoka ng'ambo. Sheria ya mashauri ya madai nayo inamtaka mlalamishi ashtaki pale mshtakiwa anapoishi au kufanya biashara, au pale chanzo cha madai kilipotokea. Mkataba uliosainiwa na kulipiwa Nairobi hufungua mlango wa ubishi kwamba Lodwar si mahali pake.

Ubishi huo una majibu. Tangu 2015 hakimu mkuu anaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo Land Cruiser mpya haimlazimishi mtu kwenda Mahakama Kuu. Tangu janga la korona, kuwasilisha kesi na kuisikiliza kwa mtandao kumeenea. Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Kiwango hicho hakimfai mwenye lori la maji, ila kinamtosha kabisa yule mnunuzi wa chombo kipya aliye wa kawaida zaidi Turkana leo, kijana wa bodaboda. Tangu serikali ilipoondolea pikipiki ndogo kodi mwaka 2008, maelfu ya vijana nchini wamenunua pikipiki zikiwa bado na nailoni kwenye kiti, nyingi kwa mkopo. Injini ikifa wiki ya pili, haki yake chini ya Kifungu cha 46 ni ile ile ya mwenye Range Rover. Madai ya kimkataba yana miaka sita kabla ya kupitwa na wakati. Yale ya kuumia kwa uzembe, mitatu. Lakini kulikataa gari lenyewe hakungoji miaka. Barua ya kulikataa inafaa itoke siku ile kasoro inapojulikana, kila stakabadhi ya gereji itunzwe pamoja na tarehe na kilomita, na fundi asiye wa muuzaji aandike alichokiona. Bernstein alishinda hoja ya kasoro kwa sababu lile tone la gundi lilipatikana.

Kuna hatari ambayo karatasi hizo haziwezi kuiziba. Agosti 2024 Mobius Motors, kampuni iliyojenga sifa yake kwa gari lililobuniwa Kenya kwa ajili ya njia mbovu za Afrika, ilitangaza kwamba inajifilisi kwa hiari, kabla mnunuzi mpya hajajitokeza. Waranti ina thamani kadiri aliyeitoa anavyoendelea kuwepo, na mteja wa mbali huwa wa mwisho kusikia habari.

Historia hii inaonyesha kwamba hakuna kisingizio kilichoanguka kwa sababu wauzaji walibadilika moyo. Kila kimoja kilibomolewa na kanuni iliyo wazi kiasi kwamba muuzaji aliona ni nafuu kuitii kuliko kubishana. Umbali nao utaondolewa kwa njia hiyo hiyo. Bunge likiandika kwamba gari jipya lililotengenezwa mara nne kwa kasoro moja, au lililokaa gereji siku 30 katika mwaka wa kwanza, litarudishwa, kwamba gharama ya kulivuta hadi gereji ya muuzaji ni ya muuzaji, na kwamba mnunuzi anaweza kushtaki katika mahakama ya kaunti ambako gari linatumika, kilomita kati ya Nairobi na Lokichar zitaanza kumgharimu yule mwenye uwezo wa kuzifupisha. Muuzaji anayelipia kila gari linalovutwa kupitia Marich atapata sababu ya kufungua gereji Lodwar, na ya kulikagua gari vizuri zaidi kabla halijatoka dukani.